Bahari kwa Penseli

Daftari ni la Sechelela, la hisabati,
kurasa za nyuma alizoziruka.
Naandika kwa penseli: Mdachi amesema
mipango ya Oktoba haistahili wino.
Juu kabisa: BAHARINI. Siku nne. Watoto watatu.

Nauli. Mgoli bado anapakatwa, halipiwi,
ila kondakta wa mwaka jana alimpima kwa macho
akasema huyu ana ndevu.
Nitamfunga mgongoni. Atakuwa mchanga kwa siku moja.

Sechelela hutapika. Kwenda Kongwa tu hutapika,
sembuse Gairo, Morogoro, Chalinze, Segera.
Nimefuata kona kwa kidole kwenye ramani ya kalenda:
mifuko sita, malimau mawili, kanga kuukuu.
Lemi, wa kati, hana ugomvi na kona.
Ugomvi wake ni choo kisicho cha kwao.

Mwenye nyumba, bibi mmoja kusini mwa Pangani,
huongea kwenye simu kama anayetafuna upepo:
vyumba viwili, vyandarua, jiko la mkaa.
Nikauliza, maji yako mbali kiasi gani na mlango?
"Yapi?" akacheka. "Ya kunywa, au yale mengine?"
Mimi sikucheka. Nina mtoto wa miaka miwili
anayekimbilia chochote kinachong'aa.
Nikaandika: kamba? Nikafuta.
Nikaandika tena.

Mdachi anachomelea mageti Majengo.
Hurudi macho mekundu, hula ugali wa uwele na mlenda,
kisha husoma bajeti kutoka chini kwenda juu.
"Desemba," anasema, kama anayetaja jina la mdai.
Desemba ni mvua. Desemba ni Hombolo, shamba la mama yake,
na mtama haumngoji mtu arudi kuogelea.
Mvua ya kwanza ukiikosa huku kwetu
utalisikia jina lake tu mpaka Machi.

"Tupande kwanza."
"Ikichelewa?"
"Twende, tukirudi tupande."
"Ikija tukiwa huko?"
Akanawa mikono.
Maji ya kunawa tukayamimina kwenye ndoo ya kudekia.

Bahasha ya zabibu iko ndani ya pipa la mchele.
Kilo zilikuwa nyingi, bei ikawa ya aibu.
Imeshapungua mara mbili: homa ya Mgoli,
na viatu vya Lemi, ambavyo kimoja hakionekani.

Jumamosi nikatoka uani nikakuta beseni,
ndoo nzima ya maji ya mkokoteni ndani yake,
pakiti ya chumvi, tupu, imekunjwa vizuri pembeni.
Lemi anakoroga kwa mwiko; yeye ndiye wimbi.
Mgoli amevaa kofia, basi.
Sechelela anatoa sheria:
"Usimeze. Ukimeza unaota magamba."
Upepo wa Ipagala ulikuwa unaleta vumbi
na bahari ilikuwa na rangi ya ukuta wetu.

Ndoo ile ilikuwa ya siku mbili.
Nikamnyang'anya Lemi mwiko, nikauinua,
na Sechelela akaniangalia bila woga,
kama mwanafunzi anayesubiri alama:
"Mama, ndivyo ilivyo?"

Nimezaliwa Mvumi. Nimesoma Msalato.
Nimeolewa hapahapa, nyumba ya nne kutoka kwenye bomba lisilotoa.
Najua idadi ya kona kutoka mlangoni kwangu
mpaka kwenye maji yale,
na mguu wangu haujakanyaga hata ya mwisho.

Nikachovya kidole, nikaonja.
"Chumvi imezidi," nikasema,
kwa sauti ya mtu aliyekwenda akarudi.
Sechelela akatikisa kichwa, akaongeza kikombe cha maji.
Sikumzuia.

Usiku nikafuta kumi na nne, nikaweka ishirini na nane.
Hapo karatasi imetoboka;
tarehe inaonekana mpaka kwenye hesabu za kugawanya.
Kisha, chini ya mafuta ya kujipaka na dawa ya homa:
chumvi, pakiti moja, inunuliwe upya.